Jinsi ya kuchagua almasi iliyokatwa vizuri kwa bajeti ndogo

Mng'ao wa almasi unatokana na mkato kuliko kitu kingine chochote. Rangi na usafi jiwe limetoka navyo ardhini. Mkato ni kazi ya fundi, na hapo ndipo mnunuzi mwenye hela za kuhesabu asikubali kulegeza. Mwongozo huu ni wa almasi ya duara yenye nyuso 57 au 58, kwa sababu namba zake hukuambia mengi kabla hujaliona jiwe. Yai, mto, pea na maumbo mengine mara nyingi huwa na bei nafuu zaidi kwa karati, lakini hayo usiyanunue kwa namba tu. Lazima uyaone kwa macho.

Hatua ya 1: Amua utabana wapi

Toa kwanza gharama ya dhahabu na ufundi wa pete. Kinachobaki ndicho cha jiwe.

Bana kwenye rangi. Kipimo cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito na kutoa vyeti, huanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Jiwe la H au I lililokatwa vizuri, likitazamwa kwa juu, huonekana jeupe kwa watu wengi hata kwenye dhahabu nyeupe. Kwenye dhahabu ya njano unaweza kushuka hadi J au K, kwa kuwa dhahabu yenyewe inalitia jiwe unjano. Kulipia D kisha kulipachika kwenye dhahabu ya njano ni kupoteza hela.

Bana pia kwenye usafi. VS2 na SI1, madaraja ya katikati ya usafi, nyingi huwezi kuona dosari zake kwa macho matupu ukiwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Kataa dosari nyeusi iliyo katikati chini ya meza (uso mpana wa juu), na ufa unaofika ukingoni, kwa sababu hapo ndipo jiwe humeguka wakati wa kupachikwa. Kwa SI2, daraja linalofuata chini, kuwa mwangalifu zaidi: cheti kikisema daraja limetokana na mawingu (dosari ndogo sana zilizokusanyika), jiwe lote linaweza kuonekana kama lina ukungu.

Hatua ya 2: Nunua kipenyo, usinunue uzito

Karati ni uzito, gramu 0.2. Jicho halioni uzito, linaona upana. Bei kwa karati hupanda ghafla kwenye 0.50, 0.70, 1.00 na 1.50, na mkataji analijua hilo. Jiwe ghafi hupoteza mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake likikatwa, hivyo anayetaka kufikisha 1.00 huacha kitako (sehemu ya chini ya jiwe) kirefu au mshipi mnene, yaani ule ukingo unaozunguka jiwe. Uzito unafichwa chini, na mwanga unavujia huko huko.

Linganisha vyeti viwili. Cha kwanza: karati 0.92, vipimo milimita 6.25 – 6.28 × 3.84, kina cha jiwe (kimo kikilinganishwa na kipenyo) asilimia 61.3. Cha pili: karati 1.00, vipimo 6.27 – 6.31 × 4.03, kina asilimia 64.1, mshipi mnene. Tofauti ya upana ni kama milimita 0.03, ambayo hakuna atakayeiona kidoleni. Lakini la pili linauzwa kwa bei ya karati nzima, na huenda mng'ao wake ukawa mdogo kuliko wa la kwanza.

Ukitaka kupima mwenyewe, zidisha kipenyo kwa kipenyo (namba mbili za kwanza za vipimo), kisha kwa kimo (ya tatu), kisha kwa 0.0061. La kwanza linatoa 0.92 kamili. La pili linatoa 0.97 tu, hizo 0.03 zilizobaki zimo kwenye unene wa mshipi. Kwa hiyo tafuta mawe ya 0.46 hadi 0.49, 0.65 hadi 0.69, au 0.90 hadi 0.97. Karati 1.00 iliyokatwa vizuri iwe na kipenyo cha 6.4 hadi 6.5, nusu karati iwe karibu na 5.1.

Hatua ya 3: Soma pembe

Tangu 2006 GIA huweka daraja la mkato kwenye vyeti vya almasi za duara. Neno "Excellent" ni mwanzo tu, maana daraja hilo ni pana: linapokea taji, yaani sehemu iliyo juu ya mshipi, la digrii 31.5 hadi 36.5 na kitako cha 40.6 hadi 41.8. Ndani yake mna mawe ya kupendeza sana na mengine yaliyopooza, na yote yameandikwa neno lile lile.

Nenda kwenye mchoro ulio kwenye cheti, utafute hizi:

- Meza (uso mpana wa juu): asilimia 54 hadi 58
- Kina: 60 hadi 62.4
- Pembe ya taji: 34 hadi 35
- Pembe ya kitako (sehemu ya chini): 40.6 hadi 41.0
- Mshipi: mwembamba hadi mnene kidogo, mwembamba kupita kiasi humeguka
- Ncha ya chini: isiyo na uso, cheti huandika "None"

Pembe ya kitako ndiyo yenye maamuzi. Mwanga ukigonga uso wa ndani wa almasi kwa pembe kubwa kuliko digrii 24.4 hivi unarudi ndani. Ukigonga kwa pembe ndogo zaidi unapenya na kutoka. Kitako kikiwa bapa mno, chini ya digrii 40, hasa meza ikiwa pana, utaona duara la kijivu ndani ya meza: huo ni mshipi unaojiakisi. Kikiwa kirefu mno, juu ya 42, katikati panaweza kuwa peusi.

Taji na kitako hutazamwa pamoja. Anza na jozi ya 34.5 na 40.8. Taji likipanda digrii moja, kitako kishuke 0.2. Hivyo, hata nje kidogo ya orodha hiyo, 35.5 inataka 40.6, na 33.5 inataka 41.0. Jihadhari na jozi kama 35.5 na 41.2: zote zimepanda, mwanga unavuja kuzunguka katikati, na bado jiwe linaweza kuwa na "Excellent" yake.

Kumbuka pia kwamba GIA hukadiria taji kwa nusu digrii na kitako kwa 0.2. Namba zinachuja mabaya. Haziwezi kukuchagulia lililo bora kabisa. Kwa hilo unahitaji macho.

Hatua ya 4: Litoe kwenye taa za duka

Taa ndogo kali za dukani hulifanya hata jiwe baya limetemete. Omba kuliona karibu na dirisha, kivulini, kisha chini ya taa ya kawaida ya ofisi. Litikise taratibu. Jiwe zuri lina weupe na weusi unaopishana kwa mpangilio, na mara nyingi mishale 8 huonekana kutoka katikati. Weusi usiohama jiwe likitikiswa, au eneo linalobaki kijivu, ni mwanga uliopotea.

Kama jiwe halijapachikwa, fanya jaribio la karatasi nyekundu. Toboa karatasi nyekundu yenye kung'aa tundu la milimita 5. Weka simu yenye skrini nyeupe mezani, shika jiwe kwa koleo kwenye mshipi juu ya skrini, meza ikielekea juu, kisha weka karatasi juu yake na uchungulie tunduni kwa kamera ya simu nyingine. Wekundu ni mwanga unaorudi. Weusi kidogo wenye mpangilio ni wa kawaida. Weupe mwingi chini ya meza ni uvujaji: rudisha jiwe.

Cheti kikitaja mwako wa buluu, yaani "Fluorescence", wa kiwango cha kati, usikimbie. Kwenye I na J mara nyingi hupunguza bei bila madhara. Ukiwa mkali, litazame nje mchana uone kama lina ukungu.

Hatua ya 5: Hakiki

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya GIA. Mengi yana namba hiyo hiyo kwenye mshipi, iliyochorwa kwa leza. Itafute kwa kioo cha kukuza mara 10. Pima uzito: karati 0.92 ni gramu 0.184.

Kalamu ya kupima joto haikutofautishii almasi ya asili na ya maabara, maana zote ni almasi. Hata moissanite, jiwe jingine linalofanana na almasi, huipita. Hii utaigundua kwa kioo: ukichungulia kwa upande kupitia taji, mistari ya nyuso za chini huonekana miwilimiwili. Almasi ya maabara ina bei ndogo sana na kanuni za mkato ni zile zile, ila usitegemee kuiuza ikurudishie hela.

Dalali akikuletea jiwe ghafi "la Mwadui", mgodi wa almasi wa Shinyanga, mfukoni, achana naye. Biashara ya madini ghafi Tanzania inataka leseni, na almasi ghafi haikuonyeshi mkato wowote.

Hatua ya 6: Kwa sonara

Piga picha ya namba ya mshipi na upime uzito mbele yake kabla hujamwachia jiwe. Mwelekeze makucha (vishikio vya jiwe) yasifunike namba hiyo, na kama kuna dosari ndogo karibu na ukingo, kucha moja ikae juu yake. Ukija kuchukua pete, soma namba tena kwa kioo, kisha kagua kila kucha: lisilogusa jiwe barabara lirudishwe mezani siku hiyo hiyo.