Somo: Kusoma Injili ya Marko, kikundini au peke yako

Kwa anayeanza, Marko ndiyo Injili ya kushika kwanza. Ina sura 16 tu, fupi kuliko zile nyingine tatu, na ukiisoma kwa sauti bila kusimama utaimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kikundi kiwe na watu 4 hadi 8. Wakizidi hapo wawili watatu watasema na wengine watageuka wasikilizaji, kwa hiyo gawanyikeni mapema.

1. Isomeni yote kwanza. Mkutano wa kwanza hauna maswali. Pokezaneni, kila mtu sura moja. Uliye peke yako nawe soma kwa sauti, maana macho hurukaruka. Mtasikia neno "mara" likirudi na kurudi, hasa sura ya 1. Mtaona pia mwendo ukibadilika kuanzia 8:27. Kabla ya hapo watu wanaulizana "Ni nani huyu?" (4:41). Petro akishajibu, Yesu anaanza kunena habari za kifo chake: 8:31, 9:31, 10:33-34.

2. Gawa kwa tukio, usigawe kwa sura. Sura ziliwekwa karne ya 13, na namba za mistari tunazotumia katika Agano Jipya zilichapishwa 1551. Marko hakuandika kwa namba hizo. Ukiishia mwisho wa sura ya 8, kwa mfano, umemkata Yesu katikati ya maneno yake, kwani yanaishia 9:1. Kwa dakika 60, mistari 15 hadi 25 inatosha.

3. Gawa muda. Dakika 10 za kusoma mara mbili, ikiwezekana kwa tafsiri mbili. Dakika 25 za kuuliza andiko linasema nini, 15 za maana yake, 10 za kuomba na kila mtu kutaja la kufanya. Zile 25 ndizo huibiwa kila mara: mtu anarukia "hili linanifundisha nini" kabla halijasomwa sawasawa, na saa nzima inaishia kwenye habari za majirani. Dawa ya kiongozi ni swali moja tu: "Umeliona mstari wa ngapi?" Akishauliza anyamaze, ahesabu hadi kumi moyoni. Akijibu mwenyewe, mkutano umegeuka mahubiri.

Chukueni 5:21-43. Pigeni mstari chini ya watu, namba na maneno yanayojirudia. Mwanamke ameugua miaka 12; binti wa Yairo ana miaka 12. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu. Mwanamke asiyetajwa jina naye anaanguka mbele yake. Yesu anamwita "Binti", na kabla hajamaliza kunena wanafika watu kumwambia Yairo, "Binti yako amekwisha kufa." Halafu fungueni Walawi 15:25-27 na Hesabu 19:11: mwenye kutokwa damu na maiti, wote wawili humtia unajisi anayewagusa. Yesu anaguswa na mmoja, na yule mwingine Yesu mwenyewe anamshika mkono. Ukisoma tukio moja leo na la pili wiki ijayo, hayo yote yanakupita.

Msikimbilie Mathayo katikati ya kazi. Kwa Mathayo (9:18) baba anakuja akisema binti amekwisha kufa, na ukichanganya hapo unapoteza uchungu wa kucheleweshwa alioujenga Marko. Kulinganisha kuna siku yake.

Maswali ya wanakikundi

*Bwana asifiwe watumishi. Biblia yangu imetia mabano 16:9-20. Tuyaruke?*

Asifiwe milele. Msiruke. Nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaitikus na Vatikanus, zinaishia 16:8, ndiyo maana ya mabano. Someni, ila msijenge fundisho juu ya mistari hiyo peke yake, hasa ule wa kushika nyoka. Na siku moja ishieni 16:8, mjiulize mnabaki na nini.

*Nasoma peke yangu. Nitajuaje sijapotoka?*

Tumia daftari, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika andiko linachosema, kulia unachodhani lina maana gani. Kila sentensi ya kulia iwe na namba ya mstari. Isiyo na namba ifute. Kitabu cha ufafanuzi kifunguliwe mwisho, la sivyo utaona alichokiona mwandishi wake tu.

*Mwenzetu mmoja anazungumza saa nzima. Tumfanyeje bila kumuudhi?*

Wote waandike dakika 5 kimya kabla ya mtu yeyote kusema, kisha zunguka, kila mtu jambo moja. Yeye mpe kazi ya kutunza saa.

*Ndugu, 10:46-52 tuliimaliza kwa dakika 20, hatukuwa na la kusema zaidi.*

Mlianza mbali na mlango. Rudini 10:36, Yesu anawauliza Yakobo na Yohana, "Mwataka niwafanyie nini?" Kisha 10:51 anamuuliza Bartimayo swali lilelile. Andikeni majibu mawili sambamba, mwangalie wale ndugu walitaka kuketi wapi, na kipofu alikuwa ameketi wapi.