Kabla ya kurudisha pampu ya mafuta kwenye Suzuki ndogo

Pampu ya mafuta ya Suzuki SJ410, vile vigari vya porini vya miaka ya 1980 vyenye injini ya F10A ya cc 970, inashikwa na boliti mbili tu. Ndiyo maana watu huidharau. Anayejua hufunga kwa robo saa. Asiyejiandaa hufunga na kufungua mpaka magharibi.

Anza na pampu yenyewe ikiwa bado mezani. Ziba tundu la kuingizia mafuta kwa kidole, bonyeza mkono wake, kisha uachie. Ikiwa nzima, kidole kitavutwa na utasikia kinanata. Isiponata, diaframu (utando wa ndani unaovuta mafuta) imechanika au valvu hazifungi, na hakuna faida ya kurudisha mgonjwa kitandani. Pampu iliyokaa miezi bila petroli huwa imekauka diaframu, kwa hiyo hata kama ilitoka nzima, ipime tena.

Ukikuta diaframu imechanika, usinunue nyingine ukaishia hapo. Chomoa dipstiki uinuse. Pampu hii upande wake wa ndani umefunguka kwenye injini, hivyo petroli inayopenya inaweza kuteremka mpaka kwenye oili. Oili ikinuka petroli, au kipimo kimepanda bila wewe kuongeza kitu, imwage yote na ubadilishe filta kabla hujapiga stata. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno, haizilindi beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Kisha gasketi. Kabla ya kukwangua ile ya zamani, sokomeza kitambaa safi kwenye tundu la injini pampu inapokaa, maana takataka zikidondoka humo zimeingia kwenye injini. Kwangua taratibu, uso ule ni wa alumini. Gasketi ya kukata mwenyewe inakubalika, ila iwe ya karatasi ya gasketi na unene uwe kama wa ile iliyotoka. Nimeona watu wakikata boksi la viatu na kupanga mbili kwa pamoja: kila unachoongeza pale kinaisogeza pampu mbali na kijiti cha chuma kinachoisukuma kutoka ndani ya injini, na kila milimita ni mafuta ambayo hayatavutwa. Silikoni nyingi nayo hukatikia ndani.

Sasa jambo ambalo lingeniokolea hedi yangu, yaani kichwa cha injini, ambako pampu hufungwa. Pampu hii haina waya. Kemshafti, shafti inayofungua valvu za injini, ina nundu. Nundu inasukuma kile kijiti cha chuma, kijiti kinasukuma mkono wa pampu, diaframu inavutwa na mafuta yanafyonzwa kutoka tangini. Springi ndiyo inayoyapeleka kwenye kabureta. Injini ikisimama na nundu ikiwa imekisukuma kijiti nje, unapofunga pampu unapigana na springi hiyo.

Mara ya kwanza sikulijua hilo. Pampu ilikataa kukaa, ikaacha mwanya wa kama nusu sentimita. Nikaamua kuivuta kwa boliti, upande mmoja kwanza. Boliti ikaenda kwa ugumu, ugumu ukazidi, halafu ghafla ikawa laini. Nilipoichomoa ilikuja na nyuzi za alumini zimejiviringisha kama waya wa stili wa kusugulia sufuria. Mchonga vyuma akatoboa upya na kuweka bushi, na nilimlipa zaidi ya bei ya pampu.

Kwa hiyo, toa plagi zote injini iwe nyepesi, gia iwe huru, weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Kidole kimoja kiwe juu ya kijiti, ukikisukuma ndani kidogo, huku mkono wa pili unazungusha polepole. Utakisikia kikitoka, kikirudi. Simama pale kilipozama kabisa. Usikate tamaa baada ya mzunguko mmoja: kemshafti huenda nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo krenki lazima izunguke mara mbili ili nundu irudi ilipoanzia. Kabla ya hapo uwe umekichomoa kijiti na kukitazama ncha. Kikiwa kimelika au kimetanuka kama kichwa cha msumari uliogongwa, pampu mpya haitakusaidia. Kipake grisi kidogo ukirudishe, grisi itakishikilia kisiteleze. Pampu itakaa kwa kusukuma kwa mkono. Boliti zote mbili zianze kwa vidole, ukaze kwa zamu.

Mipira ni mitatu: unaotoka kwenye filta, unaokwenda kwenye kabureta, na mwembamba unaorudisha mafuta tangini. Ifunge vitambulisho vya plasta mapema. Nunua mpira wa petroli, si wa maji. Wa maji hulainika na kuvimba, ukanyonyana ndani ukiwa unaonekana mzima kwa nje. Klipu mpya ni bei ya soda. Na filta ibadilishe siku hiyohiyo.

Kuhusu moto nitasema machache. Injini iwe baridi, taminali hasi ya betri itoke kwanza, kazi ifanyike nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, kwa hiyo jiko la mkaa la jirani ni lako pia. Weka mtungi wa unga wa kuzimia moto karibu, au ndoo ya mchanga mkavu. Anayetaka kunyonya petroli kwa mdomo mwambie aache.

Mwisho, jiandae kwa stata. Kabureta ni tupu na mipira ina hewa, gari halitawaka papo hapo. Piga sekunde kumi, pumzisha dakika moja, rudia. Mwenzako akishikilia ufunguo, wewe kaa na tochi ukitazama ungio la kila mpira ulioupangusa ukakauka. Ukiona hata tone moja, mwambie azime.