Namna ya kukataa simu ya wizi siku huna hela

Nanunua na kuuza simu zilizotumika Kariakoo. Nina watoto watatu. Kijana akikuletea simu ya laki tatu kwa elfu arobaini, usianze na bei. Mwambie aifungue mwenyewe. Bonyeza *#06#, linganisha tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na za kwenye boksi. Hana boksi wala risiti? Mrudishie palepale, isiguse droo yako.

Kazi ipo siku mwenye fremu ya duka anadai kodi. Mimi niliwahi kuishika moja, mkono unatoka jasho; kwenye kioo kulikuwa na picha ya kichanga ndani ya beseni la bluu. Nikairudisha. Nikamfuata mwenye fremu, nikaomba wiki mbili, akanipa. Nenda kuomba mapema, kabla kijana hajafika mezani.