Somo: Mbegu sifuri, sasa pima kemia ya shahawa

Majibu ya kipimo cha shahawa yakirudi yameandikwa "mbegu sifuri", wengi huhitimisha kwamba korodani zimekufa. Si lazima. Huenda zinazalisha vizuri ila njia imeziba, na majimaji yenyewe husema imeziba wapi. Fruktosi (aina ya sukari) hutoka kwenye vifuko vya shahawa, zinki (madini) kwenye tezi dume, alfa-glukosidasi (kimeng'enya) kwenye epididimisi, yaani mrija uliojikunja nyuma ya korodani.

Hatua ya 1. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Toa sampuli yote kwenye kopo la maabara. Ikimwagika kidogo, sema ni ya mwanzo au ya mwisho: ya mwanzo imejaa zinki, ya mwisho fruktosi.

Hatua ya 2. Shahawa ikishayeyuka kutoka hali yake nzito, pima ujazo na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali. Hapa watu huparuka, nami nasema ndipo penye habari kubwa. Vifuko vya shahawa ndivyo hutoa sehemu kubwa ya majimaji, nayo ni ya alkali; tezi dume hutoa yenye asidi. Ukiona ujazo chini ya mililita 1.4 na pH chini ya 7.2, tayari una shaka na vifuko au mirija yake.

Hatua ya 3. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua majimaji ya juu. Usichelewe, mbegu hai zikiwamo hula fruktosi.

Hatua ya 4. Fruktosi kwa njia ya zamani: rizosinoli na asidi ya hidrokloriki, kisha pasha moto. Wekundu ukitokea, ipo.

Hatua ya 5. Hesabu kwa sampuli nzima, si kwa mililita. Viwango vya chini: fruktosi mikromoli 13, zinki 2.4, alfa-glukosidasi miliyuniti 20.

Fruktosi hakuna, ujazo mdogo, asidi: mirija ya kumwagia imeziba, au mtu amezaliwa bila mirija ya mbegu. Fruktosi ipo lakini glukosidasi iko chini: kizuizi kiko kabla ya vifuko. Zote sawa: geukia kipimo cha FSH, homoni inayochochea korodani kuzalisha mbegu.

MASWALI

*Mkuu, zinki yangu iko chini. Ninywe vidonge?*
Kipimo hiki kinaangalia kazi ya tezi dume, si lishe yako. Tafuta maambukizi kwanza.

*Daktari, nina kisukari, nafika kileleni lakini hakitoki kitu.*
Peleka mkojo wa mara tu baada ya kilele. Mbegu zikionekana humo, shahawa inarudi kibofuni, na hilo lina matibabu yake.

*Kondomu inafaa kukusanyia?*
Ya kawaida hapana, huua mbegu. Omba maalumu ya maabara.