Siku ya rangi chekechea: ninavyoiendesha mimi

Siku ya kwanza kuwapa watoto rangi niliponzwa na tamaa: watoto 34 kwa mpigo, kila mmoja na kikopo chake. Dakika kumi hazijaisha, rangi imefika mlangoni na mmoja ameshakunywa. Bahati rangi yenyewe ilikuwa uji.

Ndiyo, uji. Hapa Tanga mzazi anayenunua daftari kwa taabu humwambii alete rangi za dukani. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vitatu vya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Tia kijiko cha chumvi isichache upesi, bandika motoni, usiache kukoroga hadi iwe nzito. Ikipoa, gawa. Huku unga wa manjano, huku rangi ya keki ya bluu, huku mkaa uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Basi. Kijani usiwape. Watakipata wenyewe, na siku hiyo utazisikia kelele.

Brashi zangu ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, vipande vya sponji la godoro, na bamia. Kata bamia katikati, chovya, gandamiza: ua la pembe tano. Karatasi ni migongo ya kalenda za mwaka jana, nimezibana mezani kwa selotepu. Jina la mtoto liandike nyuma kwa penseli kabla hajagusa rangi; baadaye hutajua ipi ya nani.

Sasa waite sita sita, fulana kuukuu za baba zao wamezivaa mbele nyuma. Wengine wacheze nje na msaidizi. Dakika 15 zinatosha, wengine dakika tano tu na wameridhika.

Kazi ngumu ni kuzuia mkono wako. Usichore nyumba ubaoni waige. Wala usiulize "hiki nini?", maana mtoto atakujibu lolote la kukufurahisha. Mwambie, "Hebu nisimulie." Mmoja wa miaka minne alipaka mkaa karatasi nzima, mimi tayari nimeshika manjano nimwekee jua. Nikajizuia, nikamuuliza.

"Umeme umekatika, mwalimu. Mama huyu hapa, anatafuta kibiriti."

Nikainama. Kweli, chini ya weusi ule kulikuwa na alama moja ya bamia.

Kazi zao anika kwenye kamba kwa vibanio. Rangi iliyobaki mwaga, kesho itanuka. Na doa la manjano kwenye sare usilikimbilie na sabuni ya mche: litageuka jekundu. Mama mmoja alinijia asubuhi na shati mkononi, anataka kujua mwanawe kaumia wapi. Suuza kwa maji matupu, anika juani. Jua lenyewe hulififisha.