SOMO: Domeni ya biashara yako iko kwa jina la fundi? Anzia hapa

Kila wiki swali ni hilo hilo: "Fundi wa tovuti kanikatalia domeni (jina la tovuti yangu mtandaoni), nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni.

Hatua 1. Angalia imesajiliwa wapi na inaisha lini. Kwa .com tumia lookup.icann.org, ya ICANN, wasimamizi wa majina ya domeni duniani. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, usishtuke.

Hatua 2. Kusanya risiti, mkataba na ujumbe wa WhatsApp.

Hatua 3. Chagua njia. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Mtu akisikia kuna UDRP, utaratibu wa ICANN wa tangu 1999 wa kuamua ugomvi wa domeni, anakimbilia WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki kule Geneva, na dola 1,500 mkononi. Kule utathibitisha mambo matatu, yote: domeni inafanana na alama yako ya biashara, aliyeishika hana haki nayo, aliisajili NA anaitumia kwa nia mbaya. Sasa fundi uliyemtuma wewe mwenyewe aisajili, nia mbaya ya siku ile utaionyeshaje? Ugomvi wa malipo na mkataba, majopo ya waamuzi wa UDRP mara nyingi huukataa: nendeni mahakamani. ANGALIENI: cheti cha jina la biashara cha URSB, ofisi ya usajili wa biashara Uganda, si alama ya biashara. Alama husajiliwa peke yake, URSB hapo hapo. Na hata ukishinda, unapata domeni tu, fidia hakuna.

Hatua 4. Kwa fundi, maliza deni lake, kisha mwandikie kwa upole aihamishie kwenye akaunti yako kwa msajili (kampuni iliyosajili domeni) yule yule. Usikimbilie kuhama msajili: .com ikibadilishwa jina la mwenyewe inaweza kufungwa isihamie msajili mwingine kwa siku 60.

Hatua 5. Badili nywila ya akaunti, washa kufuli ya domeni isihamishwe bila wewe.

MASWALI

Muuza spea, Kisenyi: Nina cheti cha URSB. Si domeni ni yangu tayari?
— Hatua 3.
Muuza spea: Lakini nalipa kodi miaka yote!
— Kodi ni mambo ya URA, ndugu. Soma Hatua 3.

Mwanafunzi, Gulu: Na kama ni mtu baki kasajili jina la duka la watu ili awauzie?
— Swali zuri. Hapo ndipo UDRP inapofaa. Mlalamikiwa ana siku 20 kujibu, jopo ni la mtu mmoja au watatu. Akishindwa, msajili husubiri siku 10 za kazi, asije akawa amekwenda mahakamani. Hata alama isiyosajiliwa yaweza kukubalika, mradi uonyeshe wateja wanaijua kwa jina hilo: matangazo, magazeti, mauzo ya miaka.

Mama Mitumba, Owino: Yangu ya .com imefutwa, fundi kanyamaza.
— Pole, mama. Kwa kawaida zipo siku 30 za kuikomboa, ila ombi linapitia akaunti ya fundi na ada yake inauma. Mtafute leo, hata kwa ndugu zake.

Fundi, Jinja: Sisi mafundi tunasemwa tu. Wateja hawalipi!
— Kweli. Ndiyo maana deni nimeliweka mwanzo wa Hatua 4.

Mwanafunzi, Gulu: Akaunti niifungue kwa barua pepe ipi?
— Yoyote isiyo ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikizima, na barua ya kubadili nywila haikufikii.