Kuandika safari ya treni ya 1907, kutoka Mombasa hadi Kisumu

Nimemaliza juzi kumsaidia mwandishi kijana ambaye riwaya yake inaanza na binti wa Mombasa anayepanda gari la moshi kumfuata mumewe Kisumu. Lugha yake tamu, lakini safari moja ilikuwa imebeba miaka thelathini: nauli ya shilingi, kichwa cha Garratt (injini kubwa ya mvuke), simba wa Tsavo bado wanakula watu, na nchi inayoitwa Kenya. Babu na bibi zetu walipanda treni hii kweli. Wanastahili kuandikwa sawasawa. Hii ndiyo njia tuliyoifuata.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na mwezi

"Mwanzoni mwa ukoloni" haitoshi. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa 1896, reli ikafika Nairobi Mei 1899, na Ziwa Viktoria, pale Kisumu, Desemba 1901. Simba wawili wa Tsavo waliuawa Desemba 1898, kwa hiyo msafiri wa baadaye atawasikia katika masimulizi tu. Kisumu, ambayo wakoloni waliiita Port Florence, ilikuwa ndani ya Uganda hadi mpaka uliposogezwa 1902. Jina la koloni la Kenya ni la 1920. Vichwa vya Garratt vilikuja 1926, na reli ilifika Kampala 1931. Fedha ndiyo inayowaumbua wengi: rupia ndiyo iliyotumika, kwanza ikigawanywa kwa sarafu ndogo zilizoitwa anna na pesa, kisha kwa senti kuanzia 1906 hivi, shilingi ilikuja 1921.

Sisi tulichagua Oktoba 1907.

Hatua ya 2: Tafuta ramani

Maktaba ya Uingereza, British Library, imeweka mtandaoni ramani za zamani za kijeshi za Afrika Mashariki. Pakua, chapisha kwenye karatasi, andika stesheni kwa penseli: Mazeras, Voi, Tsavo, Makindu, Sultan Hamud, Nairobi, Limuru, Naivasha, Nakuru, Londiani, Muhoroni, Kibos, Kisumu. Nasisitiza karatasi. Kwenye skrini utakuza kipande kimoja na kusahau kingine kiko umbali gani.

Hatua ya 3: Jua ni saa ngapi, kila mahali

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na ndipo ningekuomba usiharakishe. Ukishajua saa, karibu kila kitu kingine kinajijibu: anaona nini dirishani, anasikia baridi au joto, ana njaa au amelala.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni maili 327, na safari ilichukua kama siku moja, mchana na usiku wake. Tukaiondoa treni yetu Mombasa adhuhuri. Basi jua la alasiri linamkuta kwenye nyika ya Taru, na vumbi jekundu linaingia kila penye upenyo. Kichwa kinatumia kuni, kwa hiyo cheche zinaruka pamoja na moshi. Jua linazama karibu na Voi. Hapo abiria wa madaraja ya juu walishuka kula, maana treni haikuwa na behewa la chakula. Tsavo anaivuka usiku. Mara ngapi nimesoma mhusika akitazama wanyama wa Tsavo kwa dirisha! Wanyama wake ni wa asubuhi, kwenye mbuga za Athi: pundamilia, kongoni, nyumbu. Kukipambazuka bila mawingu, Kilimanjaro iko mkono wake wa kushoto. Akikaa upande wa kulia, haioni.

Sasa tahadhari, na ni kadhaa.

Ya kwanza, ratiba ni ahadi. Mvua hukata tuta la reli, kuni huchelewa, maji hukosekana. Hadithi yako ina ruhusa ya kuchelewa saa tatu, mradi usogeze pia mwanga na giza.

Ya pili, saa za ratiba ni za Kizungu. Binti wa Mombasa anahesabu saa sita mchana na saa kumi na mbili magharibi. Amua msimulizi wako anahesabu kwa saa ya nani, usichanganye.

Ya tatu, na hii ndiyo iliyobadilisha sura nzima ya kwanza: angalia kalenda ya Kiislamu. Ukibadilisha tarehe utakuta Ramadhani ya mwaka 1325 iliandama karibu na tarehe 8 Oktoba 1907. Binti yetu yuko safarini mwezi wa mfungo, na mwandishi hakuwa amejua. Je, anafunga, au anatumia ruhusa ya msafiri? Kama anafunga, magharibi inamkuta Voi, na tende zimo kwenye kapu alilofungiwa na mama yake. Abiria wa madaraja ya juu wanashuka kwenda mezani wakati yeye anasikiliza kama kuna mtu anayeadhini. Tukio hilo lilikuwa limejificha ndani ya tarehe.

Kalenda hiyo hiyo inakupa mwezi wa angani. Tukamsafirisha mwezi ishirini Ramadhani: mwezi unachomoza karibu saa tano usiku, kwa hiyo kabla ya hapo nje ni giza totoro. Ukitaka mbalamwezi Tsavo, msafirishe mwezi kumi na nne.

Ya nne, kimo. Kutoka usawa wa bahari anapanda hadi karibu mita 2,500 kwenye kilele cha Mau, na kwa mwendo ule anafika huko katika usiku wa pili. Kanga mbili hazimtoshi. Mpe shuka zito, au mwache atetemeke.

Hatua ya 4: Picha kwanza, kumbukumbu za Wazungu baadaye

Walioandika vitabu vya safari walikaa daraja la kwanza. Churchill, mwanasiasa wa Uingereza, alifika mwisho wa Oktoba huo huo wa 1907 na akapanda mbele kabisa ya injini. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, naye akafanya hivyo 1909. Hawakujua daraja la tatu lilinukaje. Mimi huanza na mkusanyo wa picha wa Winterton, ulioko Northwestern University na unaopatikana bure mtandaoni. Usitazame aliyekaa katikati ya picha. Tazama nyuma yake: nani amebeba nini, nani hana viatu, karani Mhindi amesimama wapi. Picha isiyo na mwaka wala mahali, iache.

Kumbuka pia yaliyokuwa bado mabichi. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, aliuawa Oktoba 1905, miaka miwili tu kabla, na baada ya Londiani treni inakaribia nchi ya Wanandi. Wenzake behewani watalizungumza, au watalinyamazia kwa makusudi.

Hatua ya 5: Makumbusho ya Reli, Nairobi

Nenda na utepe wa kupimia. Lipo behewa namba 12, ambamo ofisa wa polisi Ryall alivamiwa na simba stesheni ya Kima mwaka 1900. Hilo lilikuwa la wakubwa, kwa hiyo usilichukue kama mfano wa daraja la tatu. Ila kwenye mabehewa ya zamani utakayoruhusiwa kuingia, pima kimo cha dirisha kutoka kwenye benchi na upana wa mlango, hasa kama mhusika wako amebeba sanduku.